Picha Ndiyo Ifuate Jiwe

Mtu akikuita mwongo uso kwa uso, unajua la kufanya. Akikuita mwongo kwa barua iliyotoka ndani ya kompyuta, utamkemea nani? Kompyuta haina masikio. Kwa hiyo nilimkemea Vivek.

"Soma tena," nilimwambia.

"Anti, nimesoma mara mbili sasa."

"Soma ya tatu."

Akasoma. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1999, na barua ilitoka kwa mama mmoja wa Uholanzi mwenye duka la vyombo vya nyumbani. Alikuwa amenunua mabakuli arobaini ya mawe kutoka kwa kikundi cha kina mama wa kijiji cha Tabaka, kikundi cha dada yangu Nyaboke. Aliyachagua kwa kutazama picha kwenye mtandao. Alitaka jiwe tupu, lisilopakwa nta wala rangi, na ndilo alilopelekewa. Sasa mabakuli yamefika, na anasema si yale ya kwenye picha. Kwenye picha jiwe lilikuwa la waridi, na mishipa ya kahawia imekolea. Mikononi mwake lilikuwa limepauka kama jivu. Alikuwa na nia ya kuagiza mengine mia mbili ya Krismasi, lakini kama hatungempa maelezo ya kueleweka kabla Mei haijaisha, hangenunua tena, na angewaonya wenye maduka wenzake.

"Amesema 'mmenidanganya'?" nikauliza.

"Amesema hivyo, Anti."

Picha hizo nilizipiga mimi, Nyanchera. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka ishirini na mmoja katika studio ya Mzee Ratilal, baba yake Vivek, hapo mjini Kisii. Nilianza nikizitia rangi picha nyeusi na nyeupe kwa brashi na pamba: midomo ya maharusi, tai za makarani, majani ya chai nyuma ya familia za Itumbe zilizotaka ionekane kwamba mlima mzima ni wao. Rangi ndiyo kazi yangu. Mtu aniambie nimenenepa, nitacheka naye. Asiniambie sijui rangi.

Tena kilichoniuma zaidi si jina langu. Kwenye ule ukurasa wa mtandao, chini ya picha, yalikuwa yameandikwa majina ya wanawake kumi na wawili, la Nyaboke likiwa la kwanza. Dada yangu amesugua mawe ya watu tangu akiwa msichana. Mwanamume anachonga, mwanamke anasugua kwa msasa na maji mpaka ngozi ya vidole inatoka, halafu broka anachukua mzigo na hakuna anayeuliza nani alisugua. Mwaka uliotangulia, wale kumi na wawili walikuwa wamekataa mambo hayo, wakaanza kuuza wenyewe kwa majina yao. Na sasa majina yenyewe, mara ya kwanza kabisa kuandikwa mahali, yameandikwa kando ya neno uongo.

Habari mbaya haikosi mpanda farasi. Kabla ya Ijumaa, Jethro alikuwa ameshaingia studio. Jethro alikuwa wakala, ndiye aliyepeleka mizigo ya kina mama hadi bandarini, mtu wa viatu vilivyochongoka na ushauri usioombwa. Akaweka kopo juu ya kaunta. Lilikuwa kopo kubwa la rangi nyekundu ya ngozi, ile ya mafundi viatu.

"Mama, mbona mnajisumbua?" alisema. "Mzungu anataka rangi ya picha. Mpeni rangi ya picha. Chovya jiwe, anika, pakia. Maneno kwisha."

"Yaani jiwe lifuate picha?"

"Si picha ndiyo alinunua?"

"Jethro, toa kopo lako hapo kabla sijakuvika kichwani."

Alicheka, akalichukua. Lakini nilimwona kupitia dirishani akielekea kwenye stendi ya magari ya Tabaka.

Nikaanza kumtafuta mwenye kosa. Nilijua kwa hakika kwamba si mimi. Picha zangu zilipita mikono mingi: mimi nilipiga na kuzisafisha, Vivek akaziingiza kwenye kompyuta kwa skana na kuzihariri, akaziweka kwenye disketi, disketi ikaenda kwa basi hadi Nairobi kwa binamu yake Keval, na Keval akazipandisha mtandaoni. Nikasimama nyuma ya kiti cha Vivek nikamwambia afungue picha ya bakuli la kwanza. Nikaiweka picha yangu ya karatasi kando ya skrini.

"Hii nyekundu imetoka wapi?"

"Niliongeza kidogo tu. Kwa skrini ilikuwa inakaa baridi."

Kompyuta yake ilikuwa kando ya lile pazia jekundu la studio. Mchana jua lilipopiga pazia, chumba kizima kilikuwa chekundu, na baada ya saa nane mvua ya kila siku iliposhuka, chumba kikawa cha kijivu. Kijana alihariri picha sita kabla ya mvua na nne baada ya mvua, na hakuna mbili zilizofanana.

Nilichukua disketi nikaenda Nyamira kwa Benter, mwanamke wa kutoka kando ya ziwa aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa barua, na yeye alikuwa na kompyuta. Kwake bakuli lile lile lilikuwa la rangi ya maini.

"Kwangu kila kitu hukuwa hivyo," Benter alisema. "Nilidhani ndiyo dunia."

Niliporudi Kisii nikampigia simu Keval. Naye akakiri bila aibu kwamba kwake picha zilionekana zimefifia, kwa hiyo alizikoleza kabla ya kuzipandisha. Basi! Kila mmoja alikuwa amelisahihisha jiwe la dada yangu kwa makosa ya skrini yake. Nikawapa maneno yao, Vivek ana kwa ana na Keval kwa simu, mpaka Mzee Ratilal akatoka chumba cha nyuma kuuliza kama kuna mwizi.

Siku hiyo nililala vizuri. Kesho yake nikabeba kamera kwenda Tabaka kupiga picha upya, nikiwa nimejaa haki mpaka shingoni.

Nyaboke alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mabati karibu na machimbo, na vumbi jeupe la mawe kichwani mwake. Alikuwa amepanga mabakuli kwenye ubao, makavu, na kando yake beseni la maji. Kopo la Jethro lilikuwa pale pale pembeni.

"Mnalitumia?" nikamwuliza.

"Bado. Wengine wanataka. Tutakaa Jumatatu tuamue." Akachovya kitambaa kwenye beseni. "Ngoja nikuamshie hili la kwanza."

Kule kwetu wanasema jiwe kavu limelala. Mnunuzi akija, unalimwagia maji, na jiwe linaamka: waridi inatoka, mishipa inajitokeza, utadhani kuna damu ndani. Hakuna mwanamke wa Tabaka anayeonesha jiwe bila kulilowesha. Ni adabu, kama kumfungulia mgeni mlango. Nyaboke akapitisha kitambaa kwenye nusu ya bakuli, na nusu nyingine ilikuwa bado kavu.

Nikashusha kamera.

Bakuli lilikuwa na rangi mbili. Upande mmoja ndiyo picha yangu. Upande wa pili ndilo jivu la yule mama wa Uholanzi.

"Nyaboke," nikasema, "siku ile nilipopiga picha, yalikuwa yamelowa?"

"Si wewe ulisema nilete beseni?" akajibu. "Tena ukasema niongeze maji, yanakauka haraka."

Nyani haoni kundule. Mnunuzi anayesimama kibandani anaona maji yakitiririka hadi kiwikoni, kwa hiyo anajua. Lakini picha yangu ilikuwa imechukua rangi na kuyaacha maji. Nilikaa juu ya jiwe ambalo halijachongwa nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Miaka ishirini na mmoja! Nilikuwa nimewatukana vijana wawili na kutaka kumvika mtu kopo, na kosa la kwanza ni langu.

"Basi yule mama amesema kweli," Nyaboke alisema polepole. "Tumedanganya."

"Yaya," nikamwambia. Hapana. "Tumekosea. Uongo ni ule ulio ndani ya hilo kopo."

Nilipiga picha mabakuli yote makavu. Lakini nikiwa njiani kurudi niliona shida nyingine. Hata nikipiga sawasawa, Vivek atahariri kwa skrini yake, Keval kwa yake, na yule mama atatazama kwa yake. Nitajuaje kwamba jiwe ninaloliona Kisii ndilo atakaloliona yeye?

Nilimweleza Mzee Ratilal kila kitu, pamoja na habari ya beseni. Hakunicheka. Alisafisha miwani yake kwa ncha ya shati.

"Nyanchera, wewe nasahau haraka," alisema. "Zamani, kabla ya kazi yoyote, asubuhi sisi tulikuwa natoa nini kwanza?"

"Rekha," nikasema.

Rekha ni mkewe. Katika chumba cha giza kulikuwa na negativu moja yake, amevaa sari ya kijani, na ukutani picha yake moja iliyotoka vizuri kuliko zote. Kila asubuhi, baada ya kuchanganya dawa, tulitoa picha ya Rekha kwanza na kuilinganisha na ile ya ukutani. Sari ikiwa na umanjano, dawa ina kasoro. Hatukugusa kazi ya mteja mpaka Rekha atoke sawa. Watu wa mjini walijua kwamba asubuhi ukifika mapema utaambiwa, "Ngoja, Rekha bado."

Nikapiga kaunta kwa kiganja. Mzee Ratilal akashtuka, miwani ikaanguka.

Asubuhi iliyofuata nilirudi Tabaka, nikamwomba Nyaboke kipande cha jiwe kikavu, kipana kama sabuni ya kipande. Akakikata kwa msumeno kuwa vinne, vyote vya mshipa mmoja, akavisugua. Kimoja kilibaki naye. Kimoja kilikuwa cha Vivek, kimoja cha Keval, na kimoja cha yule mama. Kabla sijavifunga, nilipiga tena picha za mabakuli, na katika kila picha, pembeni, nikaweka kipande hicho hicho cha jiwe. Bila maji.

Sheria nilizotoa studio zilikuwa fupi. Pazia jekundu litoke. Dirisha lifunikwe kwa blanketi, na taa iwe moja, ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Vivek ashike jiwe lake kando ya skrini na kugeuza vile vifundo vya kurekebishia rangi ya skrini mpaka jiwe la ndani lifanane na jiwe la mkononi. Hapo ndipo aguse picha, na akishaitoa sawa, asiiguse tena mtu mwingine yeyote.

"Na Keval?"

"Keval ageuze skrini yake. Picha ataiacha ilivyo."

Keval alipiga simu jiwe lake lilipomfikia. "Anti, nimegeuza. Lakini sasa kila kitu kingine kwa kompyuta yangu kinakaa tofauti."

"Ndivyo kilivyotakiwa kukaa."

"Niongeze nyekundu kidogo tu? Wateja wanapenda."

"Ongeza, halafu unisubiri. Nitapanda basi nije huko Nairobi."

Hakuongeza.

Jumatatu kina mama walikaa kwenye kibanda. Jethro alikuwepo, ingawa hakuna aliyemwalika. Nilisimama nikakiri kosa langu mbele ya wote, nikaeleza habari ya vipande vinne. Walinisikiliza kwa heshima, lakini heshima si kukubaliana.

"Dada, maneno yako ni mazuri," alisema Nyangate, mwanamke mwenye watoto saba na ulimi wa moja kwa moja. "Lakini huyo mama alipenda nyekundu. Wewe unampelekea barua kumwambia jiwe letu ni jivu kweli. Atanunua jivu? Watoto wangu hawali heshima."

"Umesikia?" Jethro alidakia. "Kopo ni hili. Wiki mbili kazi imeisha."

Nyaboke si mtu wa kusema mbele za watu. Alisimama akiwa bado ameshika msasa.

"Nyangate, mimi pia watoto wangu wanakula," alisema. "Lakini tukichovya mara hii, tutachovya kila mara. Siku mtu ataweka matunda yenye maji kwenye bakuli, yatoke na rangi ya viatu. Ataangalia jina la nani? Jethro hajaandikwa pale. Nimeandikwa mimi. Umeandikwa wewe. Kama ni kukosa, wacha tukose na jiwe letu. Miaka yote nimesugua, hakuna siku nimeaibikia hii rangi, bono, sasa hivi, niifiche?"

Walipiga kura kwa kokoto ndani ya beseni. Saba walikubali kungoja mpaka mwisho wa Mei, watano walikataa. Jethro aliacha kopo pale pale chini.

"Mtalitafuta," alisema. "Na mimi mtanitafuta."

Nilikwenda Nyamira kwa Benter aniandikie barua kwa Kiingereza kizuri. Nilisema, yeye akapiga chapa.

"Andika: Mama, picha za kwanza nilizipiga mawe yakiwa yamelowa, kwa sababu kwetu ndivyo jiwe linavyooneshwa mgeni. Kosa ni langu mimi Nyanchera, si la wanawake kumi na wawili walioandikwa hapo chini. Ninaomba radhi."

"Niweke 'radhi sana sana'?" Benter aliuliza.

"Radhi ni moja. Endelea. Lakini hatukukudanganya. Chukua bakuli moja kati ya hayo arobaini, limwagie maji, utazame. Kisha, ndani ya bahasha hii kuna kipande cha jiwe. Kishike kando ya skrini yako, ufungue picha mpya. Kipande hicho hicho utakiona kwenye kila picha. Vikifanana, unaona tunachokiona sisi. Vikitofautiana, picha haina kosa. Geuza skrini yako."

Benter aliondoa vidole kwenye kompyuta. "Dada yangu, unamwambia mteja kosa ni lake?"

"Ninamwambia ageuze skrini. Hatutapaka jiwe letu rangi. Andika na hilo."

"Hata hilo?"

"Hilo ndilo la muhimu kuliko yote."

Akaandika huku akitikisa kichwa. Kabla sijaondoka aliniomba nimwazime jiwe la Vivek siku moja, aweke skrini yake sawa. Alisema amechoka kuona watu wote wana uso wa maini.

Barua ilienda kwa ndege. Mei ilipita polepole kuliko ujauzito. Nyangate aliacha kunisalimu. Jethro alianza kupita kibandani kila Alhamisi, akiuliza tu, eti, kama kuna habari. Kila jioni kabla ya kufunga, Vivek alipiga namba ya mtandao ya Nairobi, kompyuta ikalia na kukoroma, tukangoja, na hakuna kitu. Nilikuwa na hofu. Kwa nje niligombana na kila mtu kama kawaida, ila kwa ndani nilikuwa nimeanza kuhesabu wanawake ambao singeweza tena kuwatazama machoni.

Tarehe ishirini na tisa, Jumamosi asubuhi, Vivek aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Barua ilikuwa fupi. Ilianza hivi: "Nimemwaga maji."

Yule mama alisema alisimama kwenye sinki la jikoni kwake na bakuli mkononi, akafungua mfereji, na jiwe likageuka mbele ya macho yake kuwa lile la picha ya kwanza. Alimwita mumewe, wakamwaga tena. Alisema kwamba kutwa nzima walilowesha mabakuli na kuyaangalia yakikauka, kama watoto. Kisha akashika kile kipande kando ya skrini, akakuta skrini yake ina ubuluu ambao hakuwahi kuujua, akageuza vifundo mpaka vikafanana. Aliandika kwamba sasa anayaona. Aliomba mia mbili, makavu, yasipakwe chochote, na chini ya kila bakuli lichongwe jina la mwanamke aliyelisugua.

Vivek aliichapisha kwenye karatasi, nami nikaipeleka Tabaka siku hiyo hiyo. Nilisimama mbele ya kibanda nikaisoma, nikiigeuza kwa Ekegusii kadiri nilivyoweza. Nilipofika kwenye majina sauti ilikatika. Nililia, sioni haya kusema. Nyangate alinyoosha mkono akachukua karatasi, akatafuta jina lake kwa kidole, na nilipomwambia halimo, litakuwa chini ya bakuli, alisema basi atasugua vizuri mahali pa kulichonga.

Jethro alikuja Alhamisi kama kawaida yake. Aliposikia, aliuliza nani atapeleka mzigo bandarini.

"Wewe," Nyaboke alimwambia. "Kazi yako si kubeba?"

"Na kopo langu?"

Nyaboke alimwonesha kwa kidevu. Rangi ilikuwa imemwagwa shimoni, nyuma ya choo. Kopo lenyewe lilikuwa limesuguliwa kwa msasa mpaka likang'aa, nalo lilikuwa kando ya beseni. Nyangate alikuwa analitumia kuchotea maji, akimwagia jiwe kidogo kidogo, akisugua.